Kelele Tulizomnyima Kubuya

Tangu turudi Goma, kila ninayekutana naye ananishika bega: "Patient, mulipiga ao hamukupiga?" Nimekuwa nikijibu "tulipiga," kisha ninahamisha mazungumzo, ninaulizia hali ya watoto, ninaulizia hata mbwa. Sasa nimechoka kuwakimbia watu wangu mwenyewe. Kaeni chini niwaelezee njia nzima, na mtu asinikatize, maana hasira zangu mnazijua. Wazazi waliniita Patient, na hadi leo wanajiuliza walikosea wapi.

Kwa wale waliojiunga nasi juzijuzi na hawakumjua Kubuya: ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi letu la muziki wa panki. Tulikuwa watatu tu. Yeye ngoma, Furaha gita la besi, mimi gita na kupayuka. Tulipiga Jumamosi mchana ndani ya ile nyumba ya mawe ya volkano isiyo na paa, nyimbo za dakika mojamoja, vijana wakisukumana katikati hadi vumbi jeusi linawajaa puani. Mpita njia alidhani tunauana. Lakini sheria ya mduara wetu tuliijua: anayeanguka anainuliwa papo hapo, na aliyemwangusha ndiye anamwinua. Kubuya ndiye aliyeisimamia. Akimwona mtu chini, aliacha ngoma katikati ya wimbo, hata kama mimi mishipa ya shingo imenitoka.

Tifoidi ikamwondoa. Njia ya kwao ilikuwa imefungwa, ndugu zake hawakufika, tukamzika sisi. Lakini kabla hajakata roho, pale hospitali, alitushika mikono mimi na Furaha. "Siku kwetu watafunga kilio, wamalize matanga, muende. Musiniimbie kantiki za kanisa. Mupige yetu, na nguvu yote, papa asikie."

Papa huyo, baba yake, ni shemasi wa kanisa, kijiji kimoja njia ya Walikale. Alimfukuza mwanawe kwa ajili ya muziki huu, na hakuwahi kuusikia hata siku moja. Tukamwapia Kubuya. Kwa hiyo mjue, safari yote ile ilikuwa na kazi moja: papa asikie.

Goma hadi Kirolirwe, juu ya magunia ya chumvi

Habari kwamba kwao wanafunga kilio ilipotufikia, tulipanda lori la Papa Deo, anayepeleka chumvi na sabuni vilimani na kurudi na maharage. Mimi, Furaha, gita, besi, spika ndogo, na ile ngoma ya pembeni ya Kubuya yenye sauti kali, tumeifunga ndani ya blanketi. Furaha ndiye angeipiga. Nywele zangu mnazikumbuka: pande zote mbili upara, katikati kishungi kimesimamishwa kwa sabuni.

Tulipopita Sake tu, lori likazama kwenye tope hadi ekseli. Papa Deo akashuka, akaangalia magurudumu, kisha akaniangalia mimi.

"Ni ile nywele yako ya jogoo," akasema. "Gari hii haiyazamaka hapa hata siku moja."

Mama mmoja aliyepakata kuku akaangua kicheko juu kule. "Papa Deo! Na juma lililopita tulilala hapa wote, jogoo ilikuwa wapi?"

Watu walicheka hadi wakasahau kusukuma. Hata mimi nilicheka. Ningejua safari inakwenda wapi, ningecheka zaidi pale, niweke akiba.

Kirolirwe tulifika tumepakwa tope mwili mzima. Ni nchi ya ng'ombe, majani mabichi hadi macho yanachoka. Mzee mmoja mchungaji, koti refu na buti za mpira, alitukaribisha kibandani kwake wakati Papa Deo anatafuta maji ya injini. Akatupa maziwa ya kuganda kwenye kikombe kimoja na kipande cha fromaji, jibini la huko, chenye upana wa kiganja. Halafu akaanza maswali.

"Muko bakwaya ya kanisa gani?"

"Hatuna kanisa, Papa," Furaha akajibu. "Tunapiga muziki tu."

"Ya ndoa?"

"Hapana, Papa."

"Ya politiki?"

"Hapana."

"Sasa iko muziki ya nini?"

Furaha akafikiri, mdomo umejaa fromaji. "Ya hasira, Papa."

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hasira hapa tuko nayo mingi, binti yangu. Mungetuletea kitu kingine." Kisha akatuongezea maziwa. Mimi nilidhani ni mzaha wa mzee.

Burungu

Burungu Papa Deo alikuwa apakie maharage, lakini maharage yenyewe yalikuwa bado yanapepetwa. "Mungoje kidogo," akatuambia, na ninyi mnajua "kidogo" ya mwenye lori. Tukakaa kando ya uwanja wa mpira. Vijana wakatuzunguka, wakashika kishungi changu, wakauliza kama kinauma, kama ninalala kifudifudi. Walipojua tuna vyombo, wakaenda wenyewe kuazima jenereta ya kanisa. Furaha akaniambia tusipige, tuhifadhi nguvu. Nani wa kumsikiliza Furaha? Mimi nilikuwa nimeshachomeka waya.

Wimbo wa kwanza tuliupiga kwa gita na besi tu. Ulipoisha vijana walikuwa bado wanangoja. Kijana mmoja mwenye jezi akatusogelea kwa heshima kabisa. "Kaka, mumemaliza kujaribu vyombo? Basi mwanze." Tukamwambia huo ndio ulikuwa wimbo. "Wote?" akauliza. "Wote," nikasema. Akawageukia wenzake, wakaangaliana kama watu waliouziwa chupa tupu.

Hilo likaniuma. Nikamwambia Furaha afungue ngoma ya Kubuya. Nikapiga kelele ya kuanza, naye akaachia mapigo yale ya mwanzo, makavu, ya mfululizo, mnayajua. Ta-ta-ta-ta-ta!

Jamani. Sikuelewa niliyokuwa ninayaona. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na soko dogo, na lile soko likainuka lote. Akina mama waliacha mabeseni wakakimbia wameinama. Mtu alimnyakua mtoto ambaye si wake. Wale vijana waliotuazimia jenereta wakalala chini, wote, kwa wakati mmoja, bila kuambizana. Sisi tuliokuwa na vyombo ndio tu tuliobaki tumesimama katikati ya uwanja, kama wapumbavu. Furaha akatupa vijiti chini, akaanza kulia.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameanguka karibu na goli, goti linavuja damu. Nikamkimbilia nimwinue. Akaukataa mkono wangu. Akainuka mwenyewe, akafuta goti kwa kitenge, akarudi kuokota kiatu chake kimoja, kisha akaniangalia vizuri, kuanzia kishungi hadi viatu.

"Hivi mutu anafurahiaka namna hiyo?" akaniuliza. Hakuwa anagomba. Alikuwa anauliza kweli. "Ile sauti inatufukuzaka kwetu kila mara, sasa weye unaichezea?"

Kwetu Goma pia sauti hiyo ya bunduki tunaijua, na labda ndiyo maana tuliipeleka kwenye ngoma, tuimiliki sisi, isitumiliki. Kubuya angeweza kumweleza. Mimi nilisema "pole, Mama," mara nyingi, hadi yeye mwenyewe akachoka akaenda zake.

Masisi

Toka Burungu tulikwenda kwa moto, pikipiki za kukodi, kilima baada ya kilima, vyombo vimefungwa nyuma kwa mpira. Nilikuwa ninaliona lile goti tu.

Masisi centre, baada ya kula maharage na viazi kwa mama mmoja karibu na maegesho ya moto, nilimwambia Furaha anisubiri. Nikaingia kwa kinyozi. "Toa yote," nikamwambia. Alifurahi yule bwana! Alinyoa huku anapiga mluzi, akanipaka mafuta, akanikabidhi kioo. Katikati ya kichwa ulibaki mstari mweupeweupe, pale ambapo jua halikuwa limepaona miaka mingi.

Furaha aliponiona aliacha kutafuna. "Umefanya nini?"

"Tunaenda kilioni kwa watu," nikasema. "Tuende kama watu. Tutapiga kantiki moja, pole pole, ile kila mutu anaijua. Tutatoa pole, tutarudi."

"Kubuya alisema nini, Patient?"

"Kubuya hakuwa Burungu."

Hapo tuligombana mbele ya waendesha moto wote, na wao wakatoa hukumu zao bila kuombwa. Mmoja alisema dada ana haki. Mwingine alisema kaka kapendeza. Mimi nilipandisha sauti, maana ndiyo kazi yangu, na Furaha akanyamaza. Mkimwona Furaha amenyamaza, msidhani amekubali.

Msituni

Baada ya Nyabiondo vilima vinaisha na miti inaanza, mikubwa, na njia inageuka kuwa kitu ambacho mtu mwenye haya hawezi kukiita njia. Tulishuka kwenye moto zaidi ya tulivyopanda. Kwenye daraja moja magogo yalikuwa yamesombwa na maji, ikabidi tungoje wanaume wa kijiji wakate mengine. Mimi niliona afadhali. Kila tulivyochelewa, moyo wangu ulikuwa unasema labda kilio kitafungwa bila sisi, na sitalazimika kuchagua.

Mama mmoja pale darajani alitupa ndizi za kuchoma na mafuta ya mawese, akakataa asante yetu hadi tumalize. Aliposikia tunakokwenda akapiga makofi. "Kwa shemasi! Basi mukimbie. Banafunga kesho. Mama Kubuya anasemaka kila siku: barafiki ya mutoto wangu bataleta muziki yake."

Furaha aliniangalia juu ya ndizi yake. "Unasikia? Burungu hawakutuita. Tulijiingiza. Hapa wametuita."

Alikuwa amesema kweli yote, kwa maneno machache kama nyimbo zetu. Nikamjibu kwamba shemasi ni shemasi, na watu wa huku nao wamekimbia vya kutosha. Nilijiona mwenye busara. Mtu mwoga akivaa busara inamkaa vizuri sana, wala haoni pa kushona.

Kilioni

Tulifika asubuhi ya siku yenyewe. Uani palikuwa pamejaa watu, na katikati moto wa kuni wa kilio, ambao walikuwa wameutunza tangu juma lile lianze. Mama Kubuya alitukumbatia, kwanza Furaha, kisha mimi. Ni mama mwembamba, mikono yake ina nguvu. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatuonyesha picha aliyotumiwa na mwanawe, sisi watatu ndani ya nyumba ya mawe.

"Huyu wa nywele ya jogoo, yeye hakukuya?"

Mume wake alikuwa amesimama nyuma yake, koti jeusi, Biblia kwapani. "Huyo alibakia Goma, Mama," nikasema. Ulimi ulitoka wenyewe. Furaha akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Walikula, wakaomba, kwaya ikaimba. Mchana Mama Kubuya alikwenda mwenyewe kwa kiongozi wa kwaya, akamwomba wapumzike. "Sasa ni nafasi ya batoto ya Goma," akatangaza. Akakaa mstari wa mbele, amejifunga kitenge kiunoni kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Shemasi alikaa upande wa pili wa moto, uso chini.

Nikapiga kantiki. Pole pole, vidole vitatu, sauti ya chini. Furaha aliigusa ngoma ya Kubuya kwa ncha za vidole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Ubeti wa pili watu wote walikuwa wanaimba nasi. Nilipomaliza walisema "Amina," na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nafuu.

Kisha shemasi akasimama. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya kanisa lake lote.

"Bandugu, muniache niseme. Batu baliniambiaka mutoto wangu anaimbaka mambo ya shetani kule Goma. Nikamwambia asikanyage hapa tena. Sikuenda kusikia. Leo nimesikia." Akanyoosha mkono kwetu. "Kumbe ilikuwa kantiki! Kantiki mama yangu alinifundishaka. Miye nilifukuza mutoto wangu juu ya kantiki!"

Wanaume walimshika asianguke. Uwanja wote ulilia naye. Mimi nilikuwa nimeshikilia gita tu. Tulikuwa tumekuja papa asikie, na sasa papa anaamini amesikia.

Mjomba wa Kubuya, kaka yake mama, ndiye mwenye kufunga kilio huko. Alisogea kwenye moto na ndoo ya maji. "Sasa tunafunga," akasema. "Nikizima huu moto, hakuna kumulilia Kubuya tena, na hakuna kumusemea tena. Mwenye kuwa na neno juu yake alitoe sasa. Kuna mwenye neno?"

Akauliza mara ya pili. Niliinua macho, nikakutana na ya Mama Kubuya. Hakuwa analia. Alikuwa anakiangalia kichwa changu, ule mstari mweupe katikati, na nikajua kwamba ameshanitambua mimi ni nani. Alikuwa ananingoja. Alikuwa amejiinamisha mbele kabisa kwenye kiti, ananingoja.

"Mara ya mwisho. Kuna mwenye neno?"

Furaha akaanza kusimama. Nikamshika koti kwa nyuma, nikamvuta akae. Nilijiambia ni huruma, tusimwongezee mzee kidonda, tumwache alie machozi yake yaishe. Labda kulikuwa na huruma ndani yake kidogo. Nyingine yote ilikuwa woga, na aibu ya kuonekana nimedanganya. Mjomba akamimina maji, moto ukalia ukazimika, na majivu yakaturukia miguuni.

Asubuhi yake tulikuwa tunafunga vyombo. Furaha alikuwa hanisemeshi, na hanisemeshi hadi leo, mlioniuliza kwa nini kundi limekufa sasa mnajua. Mama Kubuya alikuja na ndizi za njiani zilizofungwa kwenye majani. Akaniwekea mkono kichwani, kwenye ule mstari.

"Mama," nikaanza, "Kubuya hakuwa anapigaka vile. Ile jana..."

Akanifunika mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka moshi. "Hapana, mutoto wangu. Moto umezimika. Ungesema jana." Akaondoa mkono, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Sikupata hata muda wa kukaa chini. Shemasi alikuwa ananiita kutoka kanisani, sauti imechangamka, amekusanya vijana wote wa kijiji wamepangwa mistari miwili. Alitaka niwafundishe ile kantiki na gita, vile Kubuya alikuwa anaipigaka, wawe wanaiimba kila Jumapili kwa jina lake. Akasimama mbele yao, akapiga makofi kuwaonyesha mwendo, pole pole, na wakaanza. Nikalitoa gita kwenye mfuko nikawafuatisha.